Mizani ya Kahawa na Mizani ya Mtoto

Mtu aliyepata kufika Mbinga wakati wa mavuno ya kahawa anajua jinsi mkulima wa Umatengo anavyoitazama mizani. Ameteremka na gunia lake kutoka shambani, amesimama katika foleni ya chama cha msingi cha ushirika, na karani anapotamka kilo yeye hatosheki na kusikia. Husogea akaona kwa macho yake, hudai iandikwe kitabuni, na risiti huikunja akaitia mfukoni kama hati ya shamba. Zikipungua kilo mbili patakuwa na maneno. Na ni haki yake, kwa kuwa jasho la mwaka mzima limo katika namba ile, na kwa namba ile atanunua mbolea, ataezeka nyumba, atampeleka mtoto shule.

Katika kijiji hicho hicho iko mizani ya pili. Hiyo imetundikwa katika zahanati. Mama humweka mtoto wake katika mfuko wa kupimia, mtoto hulia, mshale hutetemeka kisha hutulia, muuguzi huandika katika kadi na katika kitabu, na mama huenda zake. Namba ile nayo ni jasho la mtu. Ni miezi tisa ya mimba na miezi kadhaa ya kunyonyesha. Lakini hapana anayeigombania. Haisomwi katika mkutano wa kijiji, mwenyekiti haijui, diwani hajapata kuuliza. Mwisho wa mwezi hujumlishwa na namba za watoto wengine, ikapelekwa Mbinga au Mbamba Bay, ikaingizwa katika mashine, ikaonekana Songea na Dodoma. Imepanda mlima wote huo, na ni mara chache sana inapopata njia ya kurudi kwa watu waliohesabiwa.

Sisi tunasema kwamba namba isiyorudi haimsaidii kiongozi wala mzazi, na kwamba katika Mbinga na katika ufuko wa Nyasa jambo hili lina gharama inayoweza kupimwa.

Mkoa wa Ruvuma ni mmojawapo wa mikoa inayolisha nchi hii. Mahindi yake hujaza maghala ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula na kwenda mbali. Pamoja na hayo, uchunguzi wa afya uliofanywa nchini mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kwamba katika mkoa huo watoto 44 katika kila 100 walio chini ya umri wa miaka mitano walikuwa wamedumaa. Uchunguzi wa lishe wa mwaka 2018 ulitoa 41. Ule wa mwaka 2022 ukatoa karibu 36, wakati wastani wa Tanzania nzima ulikuwa 30. Majirani zao wa Iringa na Njombe, ambao nao ni wakulima hodari, walikuwa na hali mbaya zaidi. Iringa ilipita nusu ya watoto wote. Ghala limejaa na mtoto amedumaa: jambo hili lingeliweza kudhaniwa ni uzushi kama lisingalipimwa.

Yafaa tuseme waziwazi maana ya neno hilo, kwa sababu wako wazazi wasemao kwamba ukoo wao ni wa watu wafupi na hakuna la kufanya. Mtoto aliyedumaa ni yule ambaye urefu wake umekuwa mdogo mno kwa umri wake kwa sababu mwili ulikosa vyakula vya kuujenga, au uliugua mara kwa mara, katika siku 1,000 za mwanzo, yaani tangu kutungwa mimba hata atimize miaka miwili. Ubongo wake nao hujengwa katika siku hizo hizo. Upungufu huo ukishapita umri huo ni vigumu sana kuurudisha. Ndiyo maana tunasema ni deni ambalo mtoto hulipishwa darasani na baadaye kazini, naye hakulikopa.

Tumesema kwamba kutoka 44 hadi 36 ni kupungua, na kazi hiyo iliyofanywa na wauguzi, maofisa lishe na wahudumu wa afya wa vijijini tunaipongeza. Lakini namba hii ya 36, ijapokuwa ni ya kweli, haitoshi kumwongoza diwani wa Mbinga wala wa Nyasa, na ni vema kila kiongozi ajue kwa nini. Uchunguzi wa namna ile huchagua kaya chache kwa kura katika kila mkoa. Umepangwa ujibu swali la mkoa. Haukupangwa ujibu swali la wilaya, sembuse la kata. Kiongozi anayesimama jukwaani Mbamba Bay akasema kwamba udumavu katika wilaya yake ni asilimia 36, anatamka habari za Tunduru, Namtumbo, Songea, Mbinga na Nyasa zikiwa zimechanganywa katika chungu kimoja.

Na chungu hicho kina vyakula visivyofanana. Nyasa ilimegwa kutoka Mbinga mwaka 2012, na sensa ya mwaka huo ilihesabu watu 146,160 katika Nyasa na 353,683 katika Mbinga iliyobaki. Mtu akitoka Mbinga mjini kushuka kwenda Mbamba Bay, mwendo wa kilometa zisizofika 70 kwa barabara ya lami, anaingia katika nchi nyingine. Huko juu kuna baridi, kuna kahawa, kuna mahindi na maharage yanayolimwa kwa ngoro, yale mashimo yaliyopangwa katika miteremko ambayo Wamatengo waliyabuni kuhifadhi udongo na ambayo wataalamu husafiri kutoka mbali kuja kuyasoma. Kazi ya ngoro ni nzito na sehemu kubwa yake ni ya akina mama. Huko chini kuna joto, kuna muhogo, kuna mbu wengi, na kuna ziwa lenyewe, kutoka Lituhi hata Chiwindi kwenye mpaka wa Msumbiji. Kuna usipa na samaki wengine ambao mtoto wa mlimani huwaona sokoni tu. Mtoto wa Litembo na mtoto wa Liuli wanaweza kudumaa wote wawili, lakini hawakudumaa kwa sababu moja. Huyu wa mlimani huenda alishinda shambani mgongoni mwa mama, akala uji mtupu wa mahindi asubuhi na ugali jioni. Huyu wa ufukoni huenda samaki alimpata, lakini malaria na kuharisha vikamnyang'anya kile alichokula. Au samaki wenyewe walianikwa, wakafungwa magunia, wakapakiwa lori kabla sahani ya nyumbani haijajazwa.

Tumesema "huenda" kwa makusudi. Hatujui ni kipi kati ya hayo kinachotawala katika kijiji fulani, na hilo ndilo swali ambalo kiongozi hupaswa kujibiwa kabla hajatoa fedha. Akinunua vyandarua kwa kijiji ambacho shida yake ni uji mtupu, au akifanya semina ya lishe kwa kijiji ambacho shida yake ni maji machafu, atakuwa ametumia fedha halali kwa kazi isiyo na faida, na vitabu vya mkaguzi havitamwonyesha kosa lolote.

Majibu yako wapi basi? Sehemu kubwa ya majibu yamo katika vile vitabu vya zahanati vinavyoitwa MTUHA, mfumo wa taarifa za uendeshaji wa huduma za afya. Kimo kitabu cha wagonjwa wa nje, kimo cha wajawazito, kimo cha watoto, kimo cha wazazi waliojifungua. Tangu mwaka 2013 jumla za vitabu hivyo huingizwa katika mfumo wa kompyuta unaoenea nchi nzima. Sio nchi nyingi za Afrika zilizotangulia kufanya hivyo kwa ukamilifu kama huo, nasi hatuoni haya kulitaja. Kwa hiyo takwimu tunazo. Pungufu lipo katika kuzisoma, na katika kujua mahali zinapodanganya.

Maana hudanganya, bila ya mtu yeyote kukusudia uongo. Mizani ya zahanati humpima mtoto aliyeletwa. Mama wengi huja kwa bidii mpaka mtoto apate chanjo ya surua ya miezi tisa. Wengine hurudi kwa ile ya miezi 18. Baada ya hapo njia ya zahanati huota majani. Msimu wa kahawa unapofika, kiangazi, hata wale wa miezi sita hupungua, kwa sababu mama yuko mitini anachuma. Kitabu kitaonyesha kwamba watoto waliopimwa mwezi huo wengi wao ni wazima, na mtu mvivu wa kufikiri atafurahi. Lakini waliokuja ni wale wa karibu, wenye nafasi, wenye mama mwenye afya. Yule anayedumaa yuko shambani.

Kisha kuna udhia wa ile idadi ya kugawia. Ukitaka kujua watoto wangapi katika kila 100 wamepata chanjo, sharti ujue wako wangapi kwa jumla, na idadi hiyo hukadiriwa kutokana na sensa. Kadiri sensa inavyozeeka ndivyo makadirio yanavyopotoka. Katika ufuko wa ziwa mambo huwa magumu zaidi, kwani wavuvi huhama na kambi zao kufuata samaki, na familia huwafuata. Mwezi huu wako mwalo huu, mwezi ujao wako mwingine. Ndiyo maana mara nyingine zahanati huonyesha kwamba imechanja watoto 110 katika kila 100, namba ambayo hata mwanafunzi wa darasa la tatu ataicheka. Isichekwe tu. Iulizwe: hawa kumi wa ziada wametoka wapi, na huko walikotoka nani ameandikwa kuwa hakuchanjwa?

Tunakumbuka kwamba nchi hii ilipata kuwapa walimwengu somo katika jambo hili hili, na inasikitisha kwamba wengi wetu tumelisahau. Kuanzia miaka ya 1990 ya mwisho, Wizara ya Afya ikishirikiana na shirika la utafiti la Canada lililoitwa IDRC ilifanya kazi katika wilaya mbili, Rufiji na Morogoro Vijijini. Watu walitumwa nyumba kwa nyumba kuuliza nani amezaliwa, nani amekufa, na aliyekufa aliugua vipi. Haikutosha kusoma vitabu vya hospitali, kwa kuwa sehemu kubwa ya waliokufa walifia nyumbani na hospitali haikupata kuwaona. Majibu yakachorwa katika picha nyepesi: nguzo moja ikaonyesha ugonjwa gani unanyang'anya watu miaka mingi ya maisha, na nguzo ya pili ikaonyesha fedha za wilaya zinakwenda wapi.

Nguzo zile mbili hazikulingana hata kidogo. Katika Morogoro malaria ilikuwa ikichukua karibu asilimia 30 ya miaka ya maisha iliyopotea, na katika bajeti ya mwaka 1996 ilitengewa asilimia 5. Magonjwa mengine yaliyoua wachache yalikuwa na mafungu makubwa, kwa sababu tu mwaka uliotangulia yalikuwa nayo, na mwaka uliotangulia huo pia. Hapakuwa na mwizi. Palikuwa na mazoea. Viongozi wa afya wa wilaya walipoiona picha ile wenyewe, na walipoachiwa uwezo wa kuzihamisha fedha pamoja na nyongeza ndogo isiyozidi dola mbili kwa kila mtu kwa mwaka, walizihamisha. Katika muda wa kama miaka mitano vifo vya watoto katika wilaya zile vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40.

Tusitie chumvi. Katika miaka hiyo dawa ya malaria ilibadilishwa nchini, vyandarua vilianza kuenea, na wilaya nyingine nazo ziliona nafuu. Hatusemi kwamba mchoro uliponya mtu. Tunasema kwamba fedha zilikwenda mahali kifo kilipokuwa, nazo zilikwenda huko kwa sababu watu waliokuwa na mamlaka ya kuzitoa walionyeshwa, kwa lugha waliyoielewa, mahali hapo. Na twaomba msomaji aangalie neno moja: walioonyeshwa ni watu wa wilaya. Kama picha ile ingalichorwa Dar es Salaam ikabaki Dar es Salaam, tusingalikuwa na habari ya kuandika.

Nje ya Afrika iko nchi ya Peru, nayo ina wakulima wa milimani wanaopanda mahindi na viazi katika miteremko mikali. Hapo katikati ya miaka ya 2000 watoto waliodumaa huko walikuwa kama 28 katika kila 100. Ilipofika mwaka 2016 walikuwa 13. Serikali yao ilifunga mafungu ya fedha pamoja na matokeo yaliyopimwa, ikawafuata watoto kwa hesabu mkoa kwa mkoa. Milima haikuwazuia.

Kwetu Tanzania hatua imekwisha kuchukuliwa kwa upande wa lishe. Mwezi Desemba 2017 wakuu wa mikoa walitia sahihi mkataba wa lishe, na mwaka 2022 wakatia tena sahihi mbele ya Rais Samia Suluhu Hassan, mkataba ambao utakwenda hata mwaka 2030. Halmashauri zimeagizwa kutenga shilingi 1,000 kutoka mapato yao ya ndani kwa kila mtoto aliye chini ya miaka mitano. Kila robo mwaka hutolewa kadi ya alama yenye rangi tatu: kijani kwa aliyefanya vizuri, njano kwa anayesuasua, na nyekundu kwa aliyeshindwa. Mpango huu ni mzuri. Tunautetea. Lakini kila chombo kizuri kina mahali ambapo kinaweza kumkata anayekishika, na hapa tunaona mahali pawili.

Kwanza, rangi ya kijani hutolewa fedha zinapotolewa. Shilingi 1,000 ya mtoto ikiishia katika posho za kikao na mafuta ya gari, kadi itakuwa ya kijani na mtoto atabaki na urefu wake ule ule. Kinachopaswa kuulizwa katika baraza la madiwani ni shilingi ile imenunua nini, na katika kijiji gani, na kwa nini kijiji hicho na si kingine. Kama mtendaji hana jibu la swali la tatu, basi bajeti yake imeandikwa kwa mazoea, kama ile ya Morogoro ya mwaka 1996.

La pili ni baya zaidi, nalo latoka kwetu sisi viongozi na wanachama zaidi kuliko kwa wataalamu. Ni hasira. Mtumishi wa zahanati akileta namba mbaya, aghalabu hukemewa mbele za watu, huulizwa anafanya kazi gani, hutishiwa uhamisho. Sasa tufikiri kama watu wazima. Mganga aliyeko peke yake katika zahanati ya milimani, mwenye vitabu zaidi ya kumi vya kujaza na foleni ya wagonjwa mlangoni, akijua kwamba namba nyekundu itamletea matusi, robo ijayo atafanya nini? Kalamu iko mkononi mwake. Kiongozi anayeikasirikia namba mbaya ataletewa namba nzuri, na watoto watabaki walivyo. Tofauti ni kwamba sasa hakuna anayejua. Twaona heri namba nyekundu kumi za kweli kuliko kijani moja ya kubuni. Na kifo cha mama mzazi au cha mtoto mchanga kinaporipotiwa na kujadiliwa, shabaha iwe kujua gari lilichelewa wapi na damu ilikosekana kwa nini. Palipo na uzembe wa kweli ziko taratibu za nidhamu, nazo zifuatwe mahali pake. Mkutano wa hadhara sio mahali pake.

Liko jambo jingine ambalo halipati kusemwa mara nyingi. Katika kijiji kimoja vimo vitabu viwili visivyojuana. Zahanati ina kitabu cha watoto wanaopungua uzito. Serikali ya kijiji ina orodha ya kaya maskini zinazosaidiwa na TASAF, ambayo majina yake hupitishwa katika mkutano wa wananchi. Ni kitu gani kinachomzuia mtendaji wa kijiji na muuguzi kukaa nusu siku pamoja, kwa kutunza siri za watu kama inavyopasa, wakaona ni kaya zipi zilizomo katika kitabu cha kwanza na hazimo katika cha pili? Kaya yenye mtoto anayefifia na isiyopata msaada wowote ndiyo kaya ya kutembelewa kesho asubuhi. Ofisa ustawi wa jamii naye ana majina yake: mjane, mlemavu, mtoto aliyeachwa na bibi. Hatuombi kompyuta kwa kazi hiyo. Tunaomba meza na viti vitatu.

Hatudhani kwamba kila kitu kinaweza kuhesabiwa. Mama aliyeacha kuja kliniki kwa sababu alifokewa mara ya mwisho hataonekana katika jedwali lolote, ila kwa kutokuwepo kwake. Mhudumu wa afya wa kijiji, anayezijua nyumba kwa majina, aulizwe kabla jedwali halijapitishwa. Mara nyingi yeye anajua kwa nini namba imeshuka, ila hajaulizwa. Nchi ilizindua mwezi Januari 2024 mpango wa kuwafunza wahudumu wa namna hiyo zaidi ya 137,000. Wakiletwa na kutumiwa kama wajazaji wa fomu tu, tutakuwa tumenunua ng'ombe wa maziwa tukamtumia kuvuta mkokoteni.

Sasa tuwaendee wenye kazi. Mkutano wa kijiji, kwa sheria, hukutana kila miezi mitatu, na mapato na matumizi husomwa. Tunataka baada ya mapato na matumizi zisomwe namba nne, bila ya majina ya watu: watoto wangapi wamezaliwa katika miezi mitatu, wangapi wamekufa, wangapi wamepimwa kati ya wote waliopo, na kati ya waliopimwa wangapi wamekutwa na upungufu. Zibandikwe mbele ya ofisi ya kijiji kando ya bei ya kahawa. Mkulima anayeweza kukokotoa makato ya ushirika kwa kichwa hatashindwa na namba nne. Akiona kwamba kijiji cha jirani kimepima watoto 90 katika 100 na chao 50, yeye mwenyewe atauliza, na swali lake litakuwa na nguvu kuliko waraka.

Wanachama walioko katika kamati na mabaraza nao wasikubali tena kupitisha bajeti ya afya ambayo haina ukurasa mmoja wa kuonyesha shida ziko wapi na fedha ziko wapi. Ukurasa mmoja unatosha. Ukiletwa kitabu cha kurasa 80 usiku wa kuamkia kikao, kirudishwe.

Na kuhusu mizani zile mbili tulizoanza nazo, tuna pendekezo la msimu ujao. Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji hupangwa kila robo mwaka, na katika robo ya mavuno wengi hawafiki kwa sababu tuliyokwisha kuitaja. Basi siku hiyo ipelekwe kwao. Siku ya kupokea kahawa, chama cha msingi kina kivuli, kina meza, kina karani, na akina mama na akina baba wote wawili wamefika, jambo ambalo zahanati haijapata kuliona. Muuguzi apewe kona moja ya banda hilo, aje na mizani yake, ubao wa kupimia urefu na utepe wa mkono. Baba anayengoja zamu ya gunia lake asimame amwone mtoto wake akipimwa, asomewe namba, aambiwe maana yake, na iandikwe mbele yake. Huku ufukoni ifanywe vivyo hivyo katika mialo asubuhi, mitumbwi inaporudi na kabla wanunuzi wa usipa hawajaondoka, pawepo Liuli, pawepo Lituhi, pawepo Mbamba Bay. Gharama yake ni nauli ya muuguzi na ruhusa ya mwenyekiti wa ushirika. Mavuno ya kahawa huanza kiangazi, na halmashauri zote mbili za Mbinga pamoja na ile ya Nyasa zina nafasi ya kulipanga jambo hili katika ratiba kabla ya gunia la kwanza kufika mizanini.